Kiungulia cha Siku ya Mechi

Mliponikatia keki ya kustaafu mwezi jana pale Homa Bay, mmoja wenu aliniuliza kazi imenifundisha nini, nami nikajibu upuuzi kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa niko nyumbani Suna, hapa Migori, mdomo uko wazi na muda ninao, ingawa mke wangu Risper ana maoni yake kuhusu huo muda. Nitawaandikia kama nilivyokuwa nikiandika ripoti ya zamu: nani alikuja, tulifanya nini, aliondoka akiwa na hali gani. Mambo ya vyeo yako kwenye faili. Anayeyataka akayasome huko.

Nilikuwa muuguzi wa wodi Migori kwa miaka mingi kabla ya kuhamishiwa Homa Bay, kwenye chumba cha kamera. Nilifika pale nikiwa mtu mzima, mvi za kwanza zimeshatokeza, nikidhani ninajua uuguzi. Aliyenipokea ni Mama Consolata, aliyekisimamia chumba hicho tangu kilipofunguliwa. Wagonjwa walimwita Sista, na wageni wakadhani ni mtawa. Hakuwasahihisha. Aliniambia watawa hupishwa kwenye foleni ya benki.

Kwa wiki mbili hakuniruhusu kumgusa mgonjwa hata mmoja. Nilikuwa naosha kamera. Ninyi mnaijua, lakini huenda hii ikasomwa na mtu wa nje, kwa hiyo nieleze: ni bomba jeusi, unene wake kama kidole kidogo, lenye taa na jicho kwenye ncha. Mgonjwa analala kwa ubavu wa kushoto, anang'ata pete ya plastiki ili asiling'ate bomba, na daktari analishusha kupitia kooni, ndani ya umio, mpaka tumboni. Baada ya hapo linafutwa papo hapo kabla uchafu haujakauka, linazamishwa kwenye maji ili kuona kama linatoa mapovu, maana povu ni tundu, kisha linasuguliwa ndani kwa brashi ndefu mpaka brashi itoke safi. Mimi nilikuwa nikimaliza, namwita Mama Consolata. Haangalii kamera. Ananiangalia mimi.

"Omondi, ungekubali kuimeza hii sasa hivi?"

Nikisita tu, anageuka na kuondoka. Naanza upya.

Siku moja aliniona nimejishika tumbo karibu na sinki. Nilikuwa na maumivu ya muda mrefu niliyoyatibu kwa maziwa na ukaidi. Akasema mgonjwa wangu wa kwanza nitakuwa mimi mwenyewe, akamwambia daktari wa wakati huo aniandikie. Asubuhi iliyofuata nililala kwenye kitanda kile, nikapuliziwa kooni dawa ya ganzi yenye ladha ya ndizi iliyosahauliwa kwenye begi, na Mama Consolata akanishika mkono. Tulikuwa watu watatu tu chumbani. Nilihisi bomba likipita, nikakohoa mara mbili, likawa limeshafika. Nilikuwa na kidonda kidogo tumboni. Nikapewa dawa.

Baada ya miezi miwili ilibidi niangaliwe tena kama kidonda kimepona. Siku hiyo kulikuwa na wanafunzi saba, na wakubwa wawili wa hospitali waliokuwa wamekuja kuona mashine. Wote walinisimamia kichwani. Ndugu zangu, ni kamera ileile, niliiosha mwenyewe. Lakini ilivyopita ilikuwa kama mtu ananisukumia muwa. Kila sentimita niliihisi, kifua kikawaka, machozi yakatoka, na mwanafunzi mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilipoketi nikamuuliza Mama Consolata kama wametumia bomba la watu wakubwa.

"Bomba halijanenepa," alisema. "Kilichonenepa ni woga wako."

Nilicheka kwa sababu nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa ananipa somo la fiziolojia.

Kabla ya hapo niwaambie kuhusu Mzee Ogola, kwa sababu bila yeye mnaweza kulielewa vibaya hilo somo. Alikuwa mchimba dhahabu kule Macalder, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Alikuja kwetu na mwanawe, suruali imekazwa kwa kamba. Ugali ulikuwa umeanza kumkwama kifuani, kisha mboga, kisha hata uji mzito. Duka moja la dawa huko alikotoka lilimwambia ni mawazo ya shimoni, apunguze mawazo. Alijitahidi kupunguza mawazo kwa miezi kadhaa. Kilichopungua ni mwili. Tulipoteremsha kamera haikwenda mbali. Uvimbe ulikuwa umeziba umio, nao haukuwa wa jana.

Daktari alimwekea kibomba cha waya cha kufungua njia. Jioni ile alikunywa chai yenye maziwa, akaomba nyingine. Alikwenda nyumbani, akala samaki na familia yake kwa muda aliobakiwa nao, na mwanawe alitupigia simu kutushukuru hata baada ya mazishi. Lakini mimi sikusahau yale maneno "punguza mawazo". Mtu akikuambia chakula kinamkwama, au anakonda bila sababu, au anatapika damu, usimwambie habari ya mawazo. Mwangalie kwanza ndani. Ukishaona ndani ndipo unayo haki ya kuzungumza juu ya kilicho kichwani.

Mama Consolata alistaafu akaenda kufuga kuku, na chumba nikaachiwa mimi. Kisha akaja Daktari Boke, ambaye wengi wenu mmefanya kazi naye. Alikuwa msichana wa Kikuria, mfupi, mwenye viatu vya raba, na Kijaluo alikijifunza kwa kubishana bei sokoni, kwa hiyo kila alichosema kwa Kijaluo kilikuwa kama anaomba kupunguziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ripoti ya "safi" si mwisho wa maneno. Kabla yake, mgonjwa akiwa safi tulimpongeza, tukampa dawa za asidi, tukamwonyesha mlango. Wengine walirudi. Tuliwaona kama wasumbufu, Mungu atusamehe.

Sasa niwaeleze kuhusu Mwalimu Adhiambo. Jina lake nalitumia kwa ruhusa yake. Aliniambia nisipolitumia atanionyesha kadi.

Alikuwa anafundisha gredi ya nne katika shule moja hapa Suna, na wikendi alikuwa refa wa mpira wa miguu. Si mpira wa watoto. Wanaume wazima. Alikuja Homa Bay badala ya kwenda karibu na kwao kwa sababu hakutaka mtu wa Migori amwone kwenye benchi la wagonjwa. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, anatembea haraka hata anapoelekea chooni. Chini ya kwapa alikuwa na bahasha ya kaki.

"Daktari," aliniita, na mimi, kama kawaida, nikamwambia mimi ni nesi, naye, kama kawaida yao wote, akaendelea kuniita daktari. "Nina kansa ya koo. Nataka mniambie ni ya hatua gani."

"Nani amekuambia una kansa?"

"Baba alikufa nayo. Ilianza hivihivi. Moto hapa." Akaweka ngumi katikati ya kifua. "Tangu mwaka jana. Unaanza Ijumaa, Jumamosi siwezi hata kumeza mate, ikifika Jumatatu unapoa. Nimekunywa dawa zote. Nimekunywa majivu. Nimekunywa maziwa mpaka ng'ombe wa jirani ananikimbia."

Akafungua bahasha. Ndani yake kulikuwa na barua mbili. Moja ilisema ameteuliwa kuchezesha fainali ya mashindano ya kaunti, ambayo kabla yake haikuwahi kupewa mwanamke. Nyingine aliiandika yeye, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, ya kukataa.

"Sijaipeleka," alisema. "Nimesema nijue kwanza nitakuwa hai."

Tulimpima moyo kwanza, kama mnavyojua tunafanya kifua kinapolalamika. Ulikuwa mzima. Kesho yake akalala kwa ubavu wa kushoto. Alikuwa ameukamata mkono wangu kwa nguvu za mtu anayetenganisha wagomvi. Daktari Boke aliteremsha kamera polepole, akaonyesha kila kona kwenye skrini, akachukua vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya maabara. Umio ulikuwa wa waridi, laini, unang'aa. Nimeona maelfu ya umio, na niseme ukweli, ule ulikuwa mzuri.

Majibu ya maabara yalipotoka tulimwita. Daktari Boke akamwambia hakuna kansa, hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna hata mchubuko wa asidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi ya furaha. Mwalimu Adhiambo alisimama.

"Kwa hivyo mimi ni mwongo?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mwalimu," nikasema.

"Mumeona safi. Mimi nasikia moto. Mmoja wetu ni mwongo. Ama basi mimi ni mwenda wazimu, mniandikie ya wazimu." Sasa machozi yalikuja, lakini ya hasira. "Afadhali ingekuwa kidonda. Kidonda ningemwonyesha mtu."

Daktari Boke hakumkatiza. Alivuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana, akamuuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mwalimu, una washika vibendera wawili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Umewahi kupewa mmoja mwenye wasiwasi? Siku ya mechi kubwa?"

Adhiambo alifuta pua. "Wengi."

"Anafanyaje?"

"Anainua kibendera kwa kila kitu. Mtu akikohoa, kibendera. Ndege akipita, kibendera."

"Je, ni mwongo?"

Nikaona uso wake unabadilika, kama mtoto wa gredi ya nne aliyeona jibu kabla ya kuambiwa.

"Si mwongo," alisema polepole. "Ameona kitu. Lakini ni kitu kidogo."

"Basi neva za umio wako ni huyo mtu."

Kisha akamweleza, na mimi nilikuwa nimesimama na trei mkononi nikisikiliza kama mwanafunzi. Alisema mtu akiwa na hofu, ubongo unatoa homoni, ambayo ni kama tarishi. Tarishi huyo anaamsha wengine, mpaka habari inafika kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini na kotisoli kwenye damu. Homoni hizo zina kazi nzuri, zinakufanya ukimbie, uone vizuri, uamue haraka. Refa bila hizo angelala katikati ya uwanja. Lakini zikiwa nyingi, na zikikaa siku nyingi, zinazifanya neva za umio ziwe nyepesi kushtuka, na ule ukuta wa ndani, hata ukionekana safi, unaweza kulegea kidogo na kupenyeza kinachochoma. Asidi kidogo sana, ambayo Jumanne inapanda na kushuka bila wewe kujua, Ijumaa inasikika kama moto. Hata chai ya uvuguvugu tu. Hata mate.

"Maumivu ni ya kweli," alimwambia. "Hayako kichwani mwako. Yako hapo ulipoweka ngumi. Ila anayeyaongeza sauti yuko kichwani."

"Na baba?"

"Baba yako ndiye sababu unakiangalia kibendera hicho kuliko vyote. Kila kikiinuka unafikiri ni yeye."

Pale ndipo Mwalimu Adhiambo alilia machozi niliyokuwa nimeyasubiri. Nilimpa pamba ya kufunga vidonda kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye trei.

Mimi nilikuwa nakumbuka muwa wangu, wanafunzi saba na wakubwa wawili. Usiku ule nilimpigia Mama Consolata simu nikamweleza habari za homoni. Aliniambia anafurahi kwamba hatimaye zimepata jina.

Matibabu yalikuwa ya kawaida mno kwa mtu aliyejiandaa kufa. Dawa ya asidi kwa muda, ichukuliwe kabla ya chakula na si baada, jambo ambalo nusu ya Migori haijaambiwa. Kidonge kidogo cha kutuliza neva, kila jioni. Kula mapema. Daftari la kuandika saa, alichokula, alichokuwa anafikiria, na moto kwa alama kutoka sifuri hadi kumi. Na mazoezi ya kupumua kwa tumbo, ambayo Daktari Boke aliniachia mimi nimfundishe.

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Nikimwambia ajaze tumbo hewa, anapandisha mabega kama anayeimba wimbo wa taifa. Nikimwambia atoe pumzi polepole, anapuliza kama anazima taa. Nilikuwa nimekaribia kukata tamaa nilipomuuliza kama amebeba filimbi. Alinitazama kama nimemuuliza kama amebeba miguu. Akaitoa mfukoni.

"Iweke mdomoni," nikasema. "Toa pumzi yote uliyonayo, lakini isilie."

Mara ya kwanza ililia hadi mlinzi akaja. Ya pili ililia, na mgonjwa wa kwenye korido akapiga kelele "Ofsaidi!" Ya tano ilitoa sauti kama ya panya. Ya kumi hakikusikika kitu, ila hewa nyembamba, ndefu, ikitoka mpaka tumbo likabonyea. Alipoitoa filimbi mdomoni mabega yake yalikuwa yameshuka mahali ambapo sikujua yanaweza kufika.

"Hii naweza," alisema.

Msidhani alipona Jumapili iliyofuata. Wiki ya tatu alinipigia simu kutoka uwanjani, nasikia watu nyuma yake wakipayuka.

"Daktari, filimbi yenu imeshindwa. Mapumziko nilikuwa nane. Nane juu ya kumi!"

"Ulimaliza mechi?"

"Nilimaliza."

"Ulikosea uamuzi wowote?"

Akafikiri. "Hapana. Kona moja tu, na hata hiyo nina shaka."

"Na sasa ni ngapi?"

"Tatu," alisema, kama mtu anayekiri kosa. "Sasa ni tatu."

"Zamani ungepoa lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni siku gani, mwalimu?"

Alikata simu bila kuaga. Alipokuja kliniki alileta daftari, na Daktari Boke akalisoma ukurasa kwa ukurasa akichekacheka. Omena na ugali Jumanne, sifuri. Omena na ugali Ijumaa, saba. Chai ileile, samaki yuleyule, mwanamke yuleyule. Mahali pamoja aliandika: "Saa tisa. Sijala kitu. Nimeona tu gari la mwenyekiti wa mashindano. Sita." Hilo daftari lilimtibu kuliko vidonge, kwa sababu lilikuwa ushahidi, na yeye ni mtu wa ushahidi. Ile barua ya kukataa aliichana mbele yetu. Aliichana vipande vilivyo sawa, kama mwalimu.

Fainali ilichezwa Jumapili, bahati nzuri kwangu mimi Msabato. Uwanja ulikuwa wa shule hapa Suna, na timu zilikuwa mbili: vijana wa soko la Suna, na wachimbaji wa Macalder. Nilikwenda na Risper, aliyevaa gauni la kanisani kwa sababu alisema mwanamke anachezesha, lazima tuheshimu. Watu walikuwa wamekaa mpaka juu ya ukuta. Kocha wa Suna alikuwa mtu anayeitwa Ochieng', fundi wa pikipiki, mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza sauti. Kabla mpira haujaanza alikuwa ameshalalamika kuhusu jua.

Mwalimu Adhiambo alitoka akikimbia katikati ya washika vibendera wake wawili. Nilikuwa najua kitu ambacho umati haukujua, nami nilikuwa namwangalia mabega tu. Yalikuwa chini.

Suna walifunga. Macalder wakasawazisha. Kipindi cha pili kikaenda, bado bao moja kwa moja, watu wakaanza kuangalia saa. Zikiwa zimebaki dakika chache, mchezaji wa Macalder aliingia kwenye boksi, beki wa Suna akanyoosha mguu, mtu akaanguka. Hapo Suna, mbele ya watu wa Suna, filimbi ikalia. Akanyoosha mkono kwenye nukta ya penalti.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kocha Ochieng' aliingia uwanjani hatua tatu akimtukana refa kabla ya kushikwa. Wachezaji walimzunguka refa, wote warefu kuliko yeye, mikono hewani. Chupa ya maji ilirushwa, ikaanguka mbali. Risper alinifinya paja. Na Mwalimu Adhiambo alisimama pale, kiganja cha kushoto juu ya tumbo, filimbi mdomoni. Umati ulidhani anajiandaa kupiga tena. Mimi niliona tumbo likibonyea, polepole, polepole, na filimbi haikulia.

Halafu akaitoa, akasema neno moja kwa nahodha wa Suna, na wale vijana, sijui kwa nini, wakarudi nyuma. Penalti ikapigwa. Ikaingia. Macalder wakachukua kombe.

Nilimkuta baadaye nyuma ya darasa, anakula samaki wa kukaanga na pilipili kwa vidole, mavumbi mpaka kwenye kope.

"Moto uliwaka?" nikamuuliza.

"Uliwaka. Sita, labda saba." Akalamba kidole. "Nikauambia, nimekuona, shusha kibendera, mchezo uendelee."

"Na yule nahodha ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Nami pia naogopa.' Akashangaa. Mtu akishangaa hawezi kupiga."

Ningeweza kuishia hapo, na Risper anasema niishie hapo, lakini amekosea.

Wiki mbili baadaye, nikiwa nimebakiza siku chache za kazi, nilifungua mlango wa kliniki asubuhi nikamwona Kocha Ochieng' kwenye benchi. Kofia aliivuta mpaka kwenye nyusi. Yeye naye alikuwa ameamua kuja Homa Bay ili watu wa Suna wasimwone.

"Jaduong'," aliniambia kwa sauti ndogo, na kwake yeye sauti ndogo inasikika maabara. "Iya owang'."

Kwa wasiojua Kijaluo, jaduong' ni mzee, na mtu akisema iya owang' anasema tumbo lake limeungua, na maana yake ni kwamba amekasirika. Kwa hiyo ilibidi nimuulize.

"Umekasirika, kocha, ama tumbo linawaka?"

Akafikiri. "Yote mawili. Tangu siku ile. Nikilala unapanda moto mpaka hapa. Nikimkumbuka yule mama na filimbi yake, unazidi."

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikitafuta maneno ya kumweleza mgonjwa kwamba hasira na umio ni majirani, na bibi zetu walikuwa wameshayasema.

Tulimwangalia ndani, kwa sababu sheria ni sheria. Alikuwa na wekundu kidogo kwenye mwisho wa umio, wa asidi ya kweli, uliopona kwa dawa za wiki chache. Lakini siku aliyokuja kuchukua majibu ilikuwa pia siku ya Mwalimu Adhiambo kurudi kuonwa mara ya mwisho, nami nilikuwa nimesahau, naapa nilikuwa nimesahau, ingawa Daktari Boke haamini hadi leo. Nilipotoka na faili mkononi nikawakuta wamekaa benchi moja, kila mmoja ukingoni, wakiangalia ukuta. Watu wengine kumi kwenye benchi walikuwa wamewatambua na walikuwa kimya kama kanisani.

Mwalimu Adhiambo ndiye aliyeanza. "Unachukua dawa kabla ya chakula ama baada?"

"Baada," akasema kocha kwa ukuta.

"Kabla, kocha. Nusu saa kabla."

Kocha akaitikia kwa kichwa, bado akiuangalia ukuta.

"Na mabega yako yako juu sana. Yashushe. Jaza tumbo, si kifua. Hapana, tumbo. Hivyo."

Kocha Ochieng', aliyekuwa amemtukana mbele ya kaunti nzima, akajaza tumbo. Akatoa pumzi. Akajaza tena. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kujaza naye, kisha mzee wa pembeni, na baada ya muda benchi zima lilikuwa linapumua pamoja, na mimi nilisimama na faili nikiwa sijui niite nani.

"Ile haikuwa penalti," alisema kocha katikati ya pumzi.

"Ilikuwa penalti. Toa hewa."

Benchi likaangua kicheko, na kocha mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, na Daktari Boke akachungulia mlangoni kuuliza ni nani anakufa.

Hii ndiyo kazi, wanangu. Osheni kamera kama mtakaoimeza ni ninyi. Angalieni ndani kabla ya kusema. Mkikuta safi, vuteni kiti.

Kocha Ochieng' naye ameniruhusu kutumia jina lake, kwa sharti kwamba niandike hapa, kwa herufi zinazosomeka, kuwa haikuwa penalti. Nimeandika. Ilikuwa penalti.